Wadiha Saliba na Divai ya Ndugu Wawili

Tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 20 Februari 2024, ni Wadiha Saliba, Mama Rukoz, mke wa Iskandar Qassouf wa hapa Ain el-Sfarjal. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa pekee, Labibe, naye ndiye anayeusoma. Mkisikia humu ndani hasira kidogo, ni ya Labibe, si ya marehemu. Marehemu hakuwa nayo, na hilo nalo lilimkasirisha Labibe.

Wadiha alizaliwa mjini Zahle, karibu na mto Berdawni, siku ya Jumamosi tarehe 3 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza wa mwalimu Salim Saliba na mkewe Tamam. Theluji ilikuwa imeziba njia, mkunga akafika juu ya nyumbu, akamkuta mtoto keshazaliwa na amekodoa macho anaangalia dari. Mama yao alishikilia maisha yake yote kwamba Wadiha hakulia. Alishangaa tu. Kushangaa huko hakukumtoka hadi siku alipofumba macho, na waliokaa naye wanajua kwamba kulikuwa kunaambukiza.

Alisoma kwa masista wa Zahle tangu darasa la kwanza mpaka sekondari, akamaliza mwaka 1969. Mwaka huohuo aliteremka Beirut kusomea kemia chuo kikuu, akahitimu Juni 1973. Baba yao alitembea na cheti chake mfukoni kwa miezi, akiwakunjulia wauza mboga na madereva wa teksi, mpaka kikachanika kwenye mikunjo na Wadiha akalazimika kwenda kuomba kingine. Oktoba ya mwaka huohuo alirudi kufundisha katika shule iliyomlea, na hakuondoka hapo mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Darasani alikuwa mkali kwa mambo ya vipimo na mpole kwa mambo mengine yote. Septemba 1974 aliomba ruhusa ya kuwaleta wanafunzi wake hapa kijijini, katika ghala la divai la mzee Abu Naum Qassouf, waone kwa macho yao zabibu zikichacha. Mtoto wa pili wa mzee, Iskandar, alikuwa amesimama juu ya tangi akizamisha maganda kwa mti. Mwalimu akaacha kuwafundisha wanafunzi, akaweka sikio lake kwenye ukuta wa tangi, akabaki hapo hivyo.

"Unasikiliza nini, mwalimu?" Iskandar akamuuliza kutoka juu.

"Inachemka, na hakuna moto!"

"Ndivyo ilivyo kila mwaka."

"Ndivyo ilivyo? Wewe bwana, umezaliwa ubavuni mwa kitu kama hiki, halafu unaniambia ndivyo ilivyo?"

Iskandar alikuwa akisema kwamba ndoa yao ilifungwa dakika ile, na kwamba padri aliongeza saini tu. Saini hiyo iliongezwa Jumapili tarehe 19 Oktoba 1975 katika kanisa hili hili, zabibu za mwisho zilipokwisha kuingia ghalani, kwa sababu huku kwetu hakuna mtu mwenye akili anayeoa zabibu zikiwa bado shambani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeshaanza. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rukoz mwaka 1977 na Nuhad mwaka 1980, na wote wawili walijifunza kutembea kwa kujishikiza kwenye mapipa.

Tangu alipoolewa mpaka alipostaafu, kila mwaka aliwaleta wanafunzi wake ghalani, akawawekesha masikio kwenye tangi mmoja baada ya mwingine. Angeweza kuwaandikia ubaoni kila hatua ya namna sukari inavyogeuka kuwa kilevi, na aliwaandikia. Kisha alijifuta chaki mikononi na kuwaambia, "Najua kila kinachotokea humo ndani, wanangu, na bado sielewi." Wengi wenu mliosimama hapa mlikuwa miongoni mwa wanafunzi hao, na mnakumbuka jinsi ukuta wa tangi ulivyokuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

Kuhusu kuchanganya divai lazima kusemwe jambo moja, maana Wadiha hawezi kuzikwa bila kusemwa hilo. Divai ya nyumba hii, ile yenye jina la Abu Naum kwenye chupa, haijawahi kuwa ya zabibu za aina moja. Bonde la chini lina mizabibu mizee ya Sinso na Karinyan, mifupi, isiyoegemea kitu. Shamba la juu, kwenye mawe meupe chini ya mlima Sannine, lina Kaberne na Sira. Kila zabibu huvunwa peke yake, huchacha peke yake, na Februari huchanganywa. Sinso peke yake inanukia vizuri mno lakini haikai mdomoni. Karinyan ina ukali. Kaberne inakaza ulimi mpaka mtu anasahau alichotaka kusema. Ukizichanganya kwa kipimo chake, kinatoka kitu ambacho hakikuwamo katika hata moja kati ya hizo. Wadiha aliliona jambo hilo likitokea kila mwaka kwa karibu miaka hamsini, na kila mwaka aliweka glasi chini, akakaa kimya, akafanya ishara ya msalaba.

Siku za mwanzo kuchanganya kulikuwa kazi ya mkwewe. Februari 1978 mzee alialika wageni chakula cha mchana, wakala kibe, yaani nyama mbichi iliyotwangwa, na vitunguu, wakanywa araki, pombe kali ya anisi, mpaka jua likageuka, kisha akasimama na kutangaza kwamba sasa yuko tayari kuchanganya divai ya mwaka. Akachanganya. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Divai ile ilikuwa ngumu kama ngozi ya kiatu, na nyumba nzima ilikaa na siki ya kutosha kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata mke wa mwana, mwalimu wa kemia, alisimama mbele ya baba mkwe akasema kwa adabu zote, "Baba, wiki ya kuchanganya, katika nyumba hii hakuna araki, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu, wala kahawa." Mzee akauliza, "Na nitaishi vipi, binti yangu?" Lakini alikubali, na wiki hiyo ikaitwa na kijiji chote Kwaresima ya Wadiha. Mwaka ambao ilikutana na Kwaresima ya Kanisa, Iskandar alimwambia padri kwamba akifa aandikwe katika orodha ya wafiadini.

Mzee Abu Naum alifariki mwaka 1988. Mwana wake mkubwa, Naum, alikuwa São Paulo tangu kabla ya vita, na alirudi mwaka 1992, akapanda Kaberne na Sira shamba la juu kwa mikono yake. Naum alirudi na imani moja, kwamba divai ya heshima ni ya zabibu moja, na iliyochanganywa ni divai ya kuficha kasoro. Siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994, mezani, mbele ya wageni na mbele ya padri, alionja divai ya mdogo wake akasema, "Hii ni ya kuoshea miguu."

Iskandar hakunyanyua sauti. "Sisi tuliivuna chini ya mizinga. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Brazil unakunywa kahawa."

Maneno hayo mawili yalitosha. Wote wawili waliapa kwa kaburi la baba yao kwamba hawataongea tena, na huku kwetu kiapo cha kaburi la baba hakirudishwi kwa kuombana radhi. Walitaka wagawane na ghala, wajenge ukuta katikati. Mama yao, marehemu Hanneh, akakataa. "Chupa ina jina la baba yenu," akasema, "na baba yenu alikuwa mmoja. Mtatoa divai moja, ya zabibu zenu wote. Mnavyoitoa bila kuongea ni shida yenu."

Basi shida hiyo akabebeshwa Wadiha.

Kuanzia Februari 1995, Naum alikaa na glasi yake chumba cha juu cha ghala, na Iskandar chumba cha chini, na kati yao ngazi za mawe. Wadiha akipanda, Wadiha akishuka. Naum alikuwa akisema, "Shemeji, mwambie huyo Karinyan yake inanuka zizi la farasi." Wadiha akishuka akisema, "Naum anaona Karinyan ya mwaka huu ina nguvu." Iskandar akijibu, "Mwambie Kaberne yake imekauka kama roho yake." Na Wadiha akipanda akisema, "Iskandar anauliza kama Kaberne ingefaa kupumzishwa kidogo." Siku moja Labibe alikuwepo, akasikia kilichosemwa chini na kilichofika juu, akamwambia, "Dada, wewe ni mwongo mkubwa!" Wadiha akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mimi ni kichujio," akasema.

Kila mmoja alitaka zabibu zake ziwe nyingi zaidi. Kwa hiyo Wadiha, pale katikati ya ngazi, aliweka kimeza, na juu yake silinda ya kupimia aliyotoka nayo maabara ya shule. Alichanganya mwenyewe, kwa pua yake na ulimi wake, akionja, akitema, akianza upya, mpaka afikie pale anapoweka glasi chini na kukaa kimya. Kisha alimimina glasi mbili za divai ileile kutoka chombo kimoja. Ya kwanza alipanda nayo: "Naum, nimefanya ulivyosema." Ya pili alishuka nayo: "Iskandar, nimefanya ulivyosema." Huku na huku alijibiwa neno lilelile, "Umeona? Si nilikwambia!"

Kijiji kizima kilijua, na kila mtu alinyamaza. Divai ya Abu Naum ya miaka hiyo ndiyo mliyoinywa katika harusi zenu, na wengine mmepeleka chupa zake kwa watoto wenu Montreal na Sydney, wakazinywa huku wakilia. Ilikuwa divai ya ajabu. Ilianza kama cheri, ikaenda mahali pengine kabisa, na ilipokwisha mdomoni mtu alibaki ameshika glasi tupu. Hatuna aibu kusema kwamba tuliiogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa theluji ya Sannine inapopigwa na jua la asubuhi.

Novemba 2022 Wadiha alianza kuhema. Madaktari wa Zahle walisema moyo umepanuka na umechoka, na wakampa dawa na katazo moja: asipande ngazi. Februari 2023 alizipanda. Alipanda kidogo, akakaa, akapanda tena, glasi mkononi. Juu Naum alisubiri kwenye kiti chake. Chini Iskandar alisubiri kwenye kiti chake. Wazee wawili wazima, wanasikia mwanamke anahema katikati yao, na hakuna aliyesogea, eti kiapo! Labibe aliwaambia siku ile maneno ambayo hayafai kusomwa kanisani. Wadiha alimshika mkono. "Nyamaza, Labibe. Wakihama viti hivyo bila kupangiwa, wataona aibu, na wenye aibu hawaongei kamwe."

Lakini tangu siku hiyo jambo moja tu lilimnyima usingizi, na alilitaja waziwazi kwa yeyote aliyekuja kumjulia hali. Hakuogopa kufa. Alisema ameona zabibu zikifa na kuwa kitu bora kila vuli, na hawezi kudai hajafundishwa. Aliogopa kwamba akiondoka, ngazi zitabaki tupu, na ndugu wawili watazeeka na kufa kila mmoja katika chumba chake, na divai yenye jina la baba yao itakufa kabla yao. Alitaka waongee. Alitaka kusikia kwa masikio yake.

Januari mwaka huu kitanda chake kililetwa sebuleni, kando ya jiko la kuni. Jumapili iliyopita, tarehe 18 Februari, baada ya misa, alimtuma binti yake Nuhad kwa baba yake na kwa ami yake na ujumbe mmoja: "Njoo uonje." Hakuna Qassouf aliyewahi kuukataa ujumbe huo. Walifika kwa milango miwili tofauti, wakakutana katikati ya sebule, kila mmoja akaangalia dirisha lake. Kwenye meza kando ya kitanda palikuwa na chupa nne za mavuno ya 2023, na ile silinda, na glasi.

"Kaeni," Wadiha akasema. "Mimi sipandi tena. Anayetaka mwenzake ajue kitu, amwambie."

Naum akakohoa. "Shemeji, mwambie..."

"Simwambii."

Kuni zikapasuka ndani ya jiko. Iskandar akaangalia viatu vyake. "Mama Rukoz, kwa nini ujisumbue? Wewe changanya tu kama siku zote. Hatuna neno."

"Kama siku zote?" Labibe akadakia.

"Aa, kwani sisi ndimi zetu za mbao?" Naum akasema, akiliambia dirisha. "Divai ilikuwa moja kwenye glasi zote mbili. Nimelijua hilo tangu mwaka wa tatu. Ningesema, shemeji ungeacha kupanda, na nani mwingine alikuwa anapanda kwangu?"

Iskandar akageuka. "Wewe nawe ulijua?"

Ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia kaka yake tangu Pasaka ile. Iskandar mwenyewe alikuwa bado hajagundua alichokifanya. Naum alikuwa ameshagundua, akajibu haraka kabla mlango haujafungwa tena.

"Nilijua kabla yako."

"Kabla yangu! Na pua hiyo?"

"Pua hii ndiyo iliyokuambia Sinso yako imepatwa na ukungu mwaka wa mvua, ukajifanya husikii!"

"Niliambiwa ina unyevunyevu wa asubuhi!"

"Nani alisema unyevunyevu? Mimi nilisema ukungu, tena nilitaja na mama yako!"

"Mama yangu ni mama yako, wewe mpumbavu!"

Nuhad akasimama kuwanyamazisha kwa ajili ya mgonjwa. Wadiha akainua kidole. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, makubwa, anawaangalia kama alivyoliangalia lile tangi alipokuwa msichana. "Waache," akasema.

Wakavuta viti. Wakafungua chupa. Na hapo likatokea jambo ambalo Labibe, aliyewachukia wote wawili mwaka mzima, hakulitegemea. Kila mmoja alianza kupunguza zabibu zake mwenyewe. Naum akasema jua la mwaka jana lilikuwa kali, Kaberne yake imekaukiana, isizidi. Iskandar akasema hapana, Sinso ya mwaka jana ni nyepesi, isibebeshwe mzigo, Kaberne iongezwe. "Nimekwambia isizidi!" "Na mimi nimekwambia iongezwe!" Walimimina, wakanusa, wakamwaga, wakapigana vikumbo juu ya silinda kama watoto juu ya bakuli la mwisho. Walipofikia mchanganyiko wa kwanza, Iskandar alimlowesha mkewe midomo kwa kijiko. Wadiha akaonja, akafikiri.

"Bado," akasema.

Ndilo lilikuwa neno lake la mwisho. Wakaanza upya, wanabishana zaidi ya mwanzo, sauti zikatoka nje mpaka majirani wakasogea barazani wakidhani kuna msiba, na walipoelewa ni nini, wakasimama pale kwenye theluji wakisikiliza. Wadiha aliweka mkono juu ya mkono wa Labibe na kuegemeza kichwa upande wa sauti zile. Mara ndugu wakafikia mchanganyiko wa pili, wakageuka wote wawili kwa pamoja kumuuliza. Alikuwa ameshaondoka, saa tisa na nusu mchana, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshangaa.

Divai ya mavuno ya 2023 bado haijachanganywa. Ndugu wameomba itangazwe hapa kwamba hawajakubaliana, na kwamba hawatarajii kukubaliana kabla ya arobaini. Wameomba pia isemwe kwamba kile kimeza hakitaondolewa katikati ya ngazi, maana sasa viti vyote viwili vimewekwa hapo.

Wadiha ameacha mume, Iskandar. Mwana, Rukoz, na binti, Nuhad. Wajukuu watatu, Tamam, Yuakim na Marun. Mdogo wake, Labibe. Wanafunzi wengi mno. Na shemeji, Naum, ambaye ameomba kulibeba jeneza upande mmoja na mdogo wake.

Pumzika kwa amani, Wadiha. Wanaongea.